Jina Ambalo Halikuwepo

Mfuniko wa sufuria uligongagonga gizani, uji ukifurika, na Edina hakusikia mpaka Loisi, bintiye wa miaka saba, alipomvuta kanga.

"Mama, umelia?"

"Sikuchaguliwa, mwanangu. Jina langu halikuwepo."

Jana, kule mjini Vwawa, alikuwa ameyasoma mara tatu majina ya waliochaguliwa chuo cha uuguzi. Miaka miwili ya masomo ya jioni, Loisi akisinzia mapajani pake, na bado aliitamani ile sare nyeupe. Kuomba tena? Hakujua kama angethubutu. Kanisani walishamwombea, na tangu siku hiyo kijiji kizima cha Iyula kilimwita Nesi.

Kulipokucha walikwenda kuchuma kahawa. Mama Brayson, jirani yao, akapaza sauti kutoka mstari wa pili:

"Nesi! Hizo sindano zako usianzie kwangu, mimi ni mifupa mitupu!"

Wanawake wakacheka. Edina akainamia tawi, akaendelea kuchuma. Loisi akaweka ndoo yake chini, akawatazama wote.

"Mama hakuchaguliwa, ila mwakani ataomba tena."