Bega la Kushoto la Mzee Gidamis

Kaka yangu Hamis alinipa mpaka Alhamisi ya mwisho wa mwezi. "Nionyeshe mteja mmoja aliyerudi, Mwantumu. Mmoja tu. Ukimkosa, funga hicho chumba cha masaji urudi Katesh tuuze vitenge." Chumba ni cha marehemu baba na msimamizi ni Hamis, kwa hiyo hapo hakuna mjadala.

Wateja nilikuwa nao, msinielewe vibaya. Siku za mnada hapa Dongobesh walijaa mpaka kwenye benchi la nje. Tatizo la watu wa huku ni moja: ukimchua akapata nafuu, anashukuru, anakuombea kwa Mungu, na humwoni tena. Kwao kurudi ni kusema dawa imeshindwa. Ukimwambia "njoo wiki ijayo" anakutazama kama umemtakia ugonjwa. Misuli iliyokaza miaka kumi hailegei kwa siku moja, nilifundishwa hivyo Arusha na nimeona kwa macho yangu. Ila nilifunga mdomo, nisije nikaitwa mchawi.

Ndipo nikajifanya mjanja. Mzee Gidamis alikuja kutoka Masieda, mabega yote mawili yamekaza kwa kulima. Nikamchua la kulia, nikalichua kwelikweli, mpaka akaguna kwa raha. La kushoto sikuligusa. Nikajifuta mafuta mikononi, nikasema, "Hilo jingine Alhamisi, baba." Alinitazama kidogo, akasema haya mwanangu, akaondoka. Nikajua huyu nimempata.

Jamani, ile wiki sikutulia. Nilifagia chumba ambacho ni kisafi. Nilikunja taulo, nikazikunjua, nikazikunja tena. Kila gari lililosimama stendi nilichungulia. Na roho inanisuta: mzee wa watu anahangaika shambani na bega bovu, kwa sababu yangu mimi. Nikisali, rakaa zinanipotea. Najiambia Alhamisi nitamtengeneza vizuri, wala hatajua. Kibaya zaidi, watu wa Masieda, ambao ndio wengi kwangu, walikata kabisa. Wiki nzima hakuja hata mmoja.

Alhamisi Hamis akafika asubuhi na pikipiki, akakaa kwenye benchi langu. Saa tano Mzee Gidamis akatokea, mkono wa kulia ameshika galoni ya maziwa. Nilitaka kulia kwa furaha.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umepumzika?"

Sikuelewa. Hamis akasimama, naye akatoa shikamoo yake, kisha akauliza, "Mzee, umerudi kuchuliwa?"

"Hapana. Nimemletea huyu maziwa. Siku ile alichoka sana, akaishia nusu. Nikawaambia wenzangu kijijini wasimsumbue kwanza, mpaka apate nguvu."

Hamis alinigeukia. Ningeweza kukubali tu kwamba nilichoka, yakaisha. Lakini aibu ilinipanda mpaka masikioni, maziwa ya watu yako mbele yangu.

"Sikuchoka, baba. Niliacha makusudi, ili urudi."

Mzee aliweka galoni chini taratibu. "Ungeniomba tu," alisema. "Ningerudi."

Nikamsihi akae. Akavua koti kwa taabu. Nilipolishika bega la kushoto, hofu ikaniingia: lilikuwa limezidi kukaza, mkono haufiki hata kifuani. Nililichua nusu saa nzima, likalegea kidogo sana.

"Baba, hili linahitaji mara tatu au nne nyingine. Ukiliacha, hutainua mkono huu tena. Naapa kwa Mungu."

Alitabasamu, wala hakuwa na hasira. Afadhali angenigombeza. "Akili nyingi huondoa maarifa, mwanangu. Hilo neno la kurudi nimeshalisikia kwako."

Nikasema tena. Nikamwambia nitamfuata mwenyewe mpaka Masieda, bure, hata kila siku. Akasema nisijisumbue, nipumzike. Hamis alikuwa ameshaingia ndani, anakunja taulo zangu na kuzipanga kwenye mfuko.

Mzee akachukua koti lake. Mkono wa kulia uliingia bila shida. Wa kushoto alijaribu mara ya kwanza, akajaribu mara ya pili, akabaki ameshika ukosi, anatazama chini. Ilibidi nimvalishe mimi.