Gauni la Zamani

Asubuhi ya tatu mfululizo, sisimizi walikuwa wamemtangulia chooni. Juzi walikuwa mstari mmoja, mwembamba kama uzi wa kudarizia. Jana mistari miwili. Leo walikuja na mashemeji zao, wamejazana pale pale kwenye saruji alipochuchumaa jana jioni, wakijilamba kwa kile ambacho mwili wake ulikuwa umekikataa. Mama Mkasi aliwamwagia ndoo ya maji, akasimama mlangoni akiwatazama wakielea, wakijikusanya, wakirudi.

Alijua maana yake. Mama yake mzazi aliwahi kuwa na sisimizi hao hao, kisha akawa na kidonda, kisha akawa na mguu mmoja, kisha hakuwepo.

Kibarazani cherehani ilikuwa inamsubiri pamoja na sare kumi na nne za shule. Alilowesha ncha ya uzi kwa mate, akafumba jicho moja, akaupeleka kwenye sindano ya mkono. Ukapita pembeni. Akarudia, ukapita juu. Mara ya tisa aliitukana ile sindano tusi ambalo tangu itoke kiwandani haikuwa imelisikia.

"Lete hapa," akasema Gundi. Gundi alikuwa fundi viatu aliyegawana naye kibaraza mwaka wa kumi na moja sasa, mtu wa mikono inayonata na mdomo usioshikika. "Siku hizi unatunga uzi kama mlevi anayetafuta tundu la ufunguo."

"Tunga, acha maneno. Viatu vyako vyenyewe vinafungua mdomo kabla mteja hajavuka barabara."

"Vinacheka. Vimekuona ukitunga uzi." Akautunga mara moja tu, akamrudishia. Kisha akainama kidogo, macho kwenye ndala ya kushoto ya Mama Mkasi. "Hicho kidole bado?"

"Kinapona."

"Kinanuka, mama."

Alivaa tepu yake shingoni, akainuka. Alikuwa na miadi saa nne.

Kituo cha utafiti kilikuwa vyumba vitatu nyuma ya hospitali, vilivyopakwa rangi upande wa mbele tu, ule unaopigwa picha. Mlangoni palikuwa na bango la mwanamke mwembamba anayelichekea jani la saladi. Chini ya bango, washiriki walikaa kwenye mabenchi, kila mmoja amepakata kikopo cha mkojo wake kwa adabu, kama mgeni aliyeleta zawadi. Ukumbi ulinuka spiriti, mkojo uliopata joto, na kuku wa kukaanga. Kuku alitoka ofisini kwa daktari.

Miaka mitatu iliyopita, katika kituo hiki hiki, Mama Mkasi aliambiwa kwamba sukari yake imefika kizingitini lakini haijaingia ndani, na kwamba unene wake ndio unaoikaribisha. Akaweka dole gumba kwenye karatasi kumi na mbili. Tangu hapo alimeza kidonge cha njano kila asubuhi. Huenda kilikuwa dawa, huenda kilikuwa unga mtupu. Hata nesi hakujua, ndiyo utafiti ulivyo. Damu yake ilisafirishwa kwa wafadhili na majibu yakafungwa mpaka mwisho. Kitu pekee alichoruhusiwa kujua kuhusu mwili wake kilikuwa kiuno.

Nesi alimzungushia tepu. "Mia na nane. Ulianza na mia na kumi na nne. Hongera, mama, unapungua."

"Nesi, tepu yenu imevutika."

"Haya tuliyazungumza mwezi uliopita."

"Mwezi uliopita ilivutika. Mwezi huu imevutika zaidi."

Tepu ya kituo ilikaa kwenye msumari nyuma ya mlango. Kwenye ncha yake palifungwa shada la funguo za kabati, zisije zikapotea. Miaka mitatu funguo zilining'inia pale mchana na usiku, na kila jioni tepu ilifutwa kwa spiriti ikalegea vizuri. Fundi yeyote wa cherehani angeweza kuwaeleza kitakachotokea. Huyu aliwaeleza, mara nne.

Mama Mkasi alivua tepu yake shingoni. "Hii nimenunua juzi. Pima."

Nesi alitupa jicho mlangoni, akapima. Mia na kumi na nne, wala haikupungua hata nusu. Akazilaza zote mbili mezani, mwanzo kwa mwanzo. Mia ya kituo ilikuwa imeivuka mia na tano ya fundi. Nesi akaikunja ile mpya haraka haraka na kumrudishia, kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi.

"Tepu ya utafiti ni hii iliyosajiliwa. Ina namba."

"Basi nipimeni kwa mzani."

"Mzani hauna betri. Halafu utafiti wetu ni wa kiuno."

"Na macho yangu? Na kidole?"

"Hayo mwambie daktari."

Daktari alikuwa anakula. Mama Mkasi alimpima kwa jicho tangu mlangoni, kazi ni kazi: alipoanza utafiti huu wa kupunguza vitambi alikuwa inchi thelathini na sita, sasa arobaini na tatu, na kifungo cha tatu cha shati kilikuwa kinaomba ruhusa ya kuondoka. Mafuta ya kuku yalikuwa yamefika kwenye mafaili. Daktari alichokonoa jino kwa kifuniko cha kalamu, akakitazama alichokipata, akakirudisha kinywani.

"Mama Mkasi, mtu wangu. Nilikuwa nakuwaza wewe tu."

"Daktari, macho yangu yana ukungu. Na hiki kidole..." Akaanza kuvua ndala.

"Usikisogeze huku, mama, si unaona nakula?" Akavuta sahani upande wake. "Sikiliza. Ijumaa wafadhili wanakuja. Namba wamechoka kuzisoma, wanataka kuona watu. Wewe ni namba kumi na saba, umepungua sentimita sita. Uje na gauni lako la zamani, lile la kabla ya utafiti. Ulivae mbele yao, ulivute kiunoni, waone nafasi iliyobaki."

"Gauni la kabla ya utafiti ndilo hili."

Daktari alilitazama. Mbavuni lilikuwa limebana mpaka mshono unaonyesha meno, na alikwisha kulifumua na kuliongeza mara mbili hata kabla ya utafiti.

"Si wewe ni fundi?" akauliza.

Ukumbini mtu alikohoa. Mama Mkasi alirudisha mguu kwenye ndala.

"Unataka nishone gauni la zamani, jipya."

"Nataka uwasaidie wenzako. Awamu ya pili ikipita, kuna dawa ya uhakika, si hii ya kubahatisha. Kuna kliniki ya macho. Kuna kliniki ya miguu. Nafasi arobaini tu, na orodha naiandika mimi." Aliigonga meza kwa kalamu ile ile. "Ukisimama vizuri Ijumaa, jina lako linakaa juu."

Kitambaa walimpa wao. Kilikuwa mapazia ya wodi yaliyostaafishwa, yenye madoa ya kahawia ambayo hakuuliza yametoka kwa nani.

"Anashonewa nani huyu?" Gundi aliuliza siku hiyo mchana. "Lori?"

"Mimi wa zamani."

"Wewe wa zamani namjua, nimekaa naye hapa. Huyu angekaa kibarazani, mimi ningekaa barabarani."

"Tunga uzi, Gundi."

"Natunga. Lakini wanakudanganyisha, na wewe unakubali."

"Nikikatwa mguu, nitatafuta cherehani ya mkono nishone. Macho yakienda, nitashona na nini? Na masikio?"

Gundi alitunga sindano sita akazichomeka kwenye kola ya shati lake, tayari, kila Mama Mkasi akihitaji moja aichomoe. Alipomaliza kushona, Mama Mkasi alilifua gauni mara tatu, akalianika kwenye jua kali, akalisugua makwapa kwa jiwe, akalikosesha kifungo kimoja kwa makusudi. Kwa siku tatu lilizeeka miaka mitatu. Aliona haya namna alivyolipenda.

Ijumaa, mabenchi ya wenye vidonda yalihamishiwa nyuma ya jengo. Wageni walikuwa watatu, kila mmoja na chupa yake ya maji. Mezani palikuwa na keki ya ghorofa mbili yenye krimu ya waridi, ya wageni na daktari. Washiriki waligawiwa vipande vya tango ili wawe mfano mwema. Gundi alikuwa amemwazima Mama Mkasi viatu vya kufunika vidole, vya mteja aliyechelewa kuvifuata. Ndani ya kile cha kushoto soksi ilikuwa imelowa tangu getini, na kila hatua ilitoa sauti ndogo, kama mtu anayelamba vidole.

Nesi alimpima mbele ya wageni. Safari hii aliivuta tepu kwa bidii. "Mia na saba."

Mama Mkasi alisimama ndani ya gauni la mapazia, akalivuta mbele kwa mikono miwili. Pale mbele wangeingia watu wengine wawili na begi lao. Wageni walipiga makofi. Mmoja wao, mama wa makamo mwenye miwani, alisogea akashika mshono.

"Kazi safi. Alikushonea nani?"

"Fundi mmoja wa mtaani kwetu."

"Na sasa unajisikiaje?"

Alimtazama daktari. Daktari alikuwa na krimu kwenye sharubu, na kidole juu ya kalamu iliyokuwa mfukoni mwa koti.

"Najisikia mwepesi," akasema.

Jumatatu orodha ilibandikwa dirishani. Aliomba asomewe, maana herufi zilikuwa zinaogelea. Nesi alisoma majina arobaini, polepole, kisha akakunja midomo.

Daktari alimpokea kwa furaha. "Wamependa mno, mama. Awamu ya pili wameipitisha pale pale."

"Jina langu halipo."

"Litakuwaje? Awamu ya pili ni ya walioshindwa kupungua. Kiuno kikiwa chini ya mia na kumi, huingii. Wewe umefaulu."

"Nipime kwa tepu yangu."

"Tepu yako haina namba."

"Mimi ninayo. Kumi na saba."

"Hiyo imefungwa Ijumaa." Alisema kwa upole, kama anayempa mtu pole ya msiba wa mbali. "Wamekuona kwa macho yao, mama, na gauni wamelishika. Nikikuandika mgonjwa leo, nitawaambia nini?"

"Waambie nililishona mimi."

"Ndiyo, ulilishona wewe," akasema daktari, na akangoja mpaka maneno hayo yakamfikia.

Kisha akafungua droo. Akatoa gauni la mapazia, lililobaki kituoni tangu Ijumaa, limekunjwa, na boksi lenye keki iliyobaki, krimu imeyeyuka na kugeuka maji ya waridi. "Hii wapelekee wajukuu. Na gauni, liongeze inchi nne kila upande. Namba ishirini na tatu atalivaa mwezi ujao, kuna wageni wengine. Ukiliwahisha, nakuweka orodha ya akiba. Mtu akifariki, unaingia."

Kibarazani aliliweka boksi chini, karibu na mguu wa cherehani, akavua kile kiatu cha kuazima cha kushoto, kidole kipate hewa. Akaanza kufumua mshono kwa kupapasa. Mshono wake mwenyewe, haukutaka kuachia.

"Nitungie," akasema, akanyoosha sindano upande wa Gundi.

Gundi aliipokea, hakutunga. Alikuwa anatazama chini. Sisimizi walikuwa wametoka kwenye ufa wa ukuta, mstari mnene. Walilifikia boksi la keki, wakalizunguka bila kupunguza mwendo, wakapita. Kichwa cha mstari kilikuwa kimekwisha kupanda juu ya kidole kikubwa cha mguu wa Mama Mkasi, kinaingia kidondani.

Mama Mkasi hakusogeza hata ukucha. Alikuwa bado amenyoosha mkono.

"Leo umenyamaza," akasema. "Au na wewe tundu hulioni?"