Faili la Nimechoka-Nanyi

Mimi hasira zangu naziandika kwenye majina ya mafaili. Mtu akiniudhi, nahifadhi kazi yake kwa jina la kumsema. Ni utoto, najua, lakini bora hivyo kuliko kumrushia kikombe.

Siku hiyo nilikuwa zahanati, nafungua mfumo wa kuomba nafasi ya daktari kwa simu. Mganga mkuu alishasema: usipofunguka kabla ya saa sita mchana, tunarudi kwenye daftari. Na daftari maana yake mama yangu, na magoti yake yanayouma, aendelee kuamka alfajiri kupanga foleni dirishani. Hapo sikuwa na mzaha, jamani.

Nikalipakia faili la Java lenye mfumo wote kwenye Tomcat, programu ya kwenye seva inayolipokea na kuwafungulia watu mtandaoni. Nikaandika anwani, nikamalizia na "miadi". Ukurasa haupo. Nikarudia. Haupo! Saa tano na nusu hiyo.

"Kwani faili umeliitaje?" akauliza fundi wa mitandao kutoka chini ya meza, kajizungushia nyaya.

Hapo nikakumbuka. Tomcat huchukua jina la faili ikalifanya mwisho wa anwani. Na lile nililihifadhi jana, mganga mkuu alipobadilisha rangi ya vitufe mara ya tisa. Badala ya "miadi" nikaandika: nimechoka-nanyi. Mfumo huo, ukafunguka wote.

"Unafanya kazi!" fundi akapiga kelele.

"Nyamaza, nibadilishe jina kwanza!"

Wapi! Dada wa mapokezi alikuwa nyuma yangu, na anwani alishawatumia wagonjwa wote mia tatu.

"Dada, umeniua!"

"Si mmesema unafanya kazi?"

Huko nje foleni nzima ikaangua kicheko. Mganga mkuu akaingia na simu mkononi, nikatamani ardhi inimeze.

"Hapa nimesemwa mimi na vitufe vyangu?"

"Ndiyo, daktari. Samahani."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Iache anwani hivyo hivyo. Ukiibadilisha sasa utawapoteza watu."

Dakika kumi kabla ya saa sita, mama akapiga.

"Mwanangu, nimepata kesho saa nne."

"Hongera, mama!"

"Kwa hiyo alfajiri nalala tu?" Aliuliza taratibu, kama anaomba ruhusa.

"Lala, mama," nikamwambia, na machozi yakanitoka mbele ya fundi.