Pango la Akina Eufemia

Savino alikuwa kinyozi kama mimi, ila yeye wa Altamura na mimi wa Matera, na kati ya miji yetu kuna treni moja ya mwendo wa kobe na ubishi usiokwisha kuhusu mkate wa nani ni mtamu zaidi. Yaliyompata hapa kwetu alinisimulia mwenyewe, kidevu kikiwa na povu. Mengine nilisimuliwa na Nunziata, ambaye hamsimulii mtu kitu mpaka amgombeze kwanza.

Mke wa Savino aliitwa Eufemia. Alizaliwa huku kwetu, kule chini Sassi, kwenye nyumba zilizochongwa ndani ya mwamba, enzi ambazo watu, punda na kuku walilala chini ya dari moja ya jiwe. Kisha serikali ikasema maisha yale ni aibu kwa nchi nzima, ikaleta malori, ikatuhamishia juu kwenye mitaa mipya. Eufemia alikuwa na miaka kumi. Baba yake akapata kazi ya shamba Altamura, familia ikahamia huko.

Tangu hapo hakutaka kusikia habari za mapango. Savino aliishi naye zaidi ya miaka hamsini, na kila alipomuuliza kulikuwaje, mkewe alimjibu neno moja tu: "Giza." Wageni wa dunia nzima walipoanza kumiminika kuyaona mapango yetu, nayo yakageuzwa hoteli za watu wenye nafasi, Eufemia alikuwa akiona Matera kwenye televisheni anainuka kwenda kuosha vyombo, hata kama vilikuwa vimeshaoshwa.

Alipougua, homa ndiyo iliyomfungua mdomo. Siku za mwisho alikuwa anaita, "Nunziata! Nunziata, funga mlango, punda anatoka!" Savino alikuwa anainuka anafunga mlango wa chumba. Hakumjua Nunziata, wala huyo punda. Mwezi wa pili Eufemia akafariki, na mzee akabaki na nyumba ambayo sauti pekee ndani yake ilikuwa ya friji.

Kiangazi kilipoisha alimpigia simu mwanawe Donato, anayefanya kazi Ujerumani, amtafutie chumba kwenye hoteli moja ya mapangoni kule Sassi. Jina la uchochoro aliokulia Eufemia alilijua. Mama mkwe aliwahi kulitaja. Hoteli ilikuwa kwenye uchochoro huohuo, naye akaamini pango ni lilelile.

"Baba, peke yako utafanya nini huko?"

"Nitalala."

"Kwani nyumbani hulali?"

"Nyumbani silali."

Donato akaweka nafasi, na kwa mazoea akaandika watu wawili.

Mapokezi palikuwa na msichana wa Bari aitwaye Ilaria, mchangamfu, meno yote nje. "Karibu sana, bwana Savino. Na mama je, yuko nyuma?"

"Hapana, binti. Yeye ametangulia."

"Ametangulia? Mbona sijamwona akipita?" Akachungulia mlangoni, kushoto na kulia, kinywaji cha kumkaribishia kikiwa mkononi. Savino akanyoosha kidole juu, taratibu. Uso wa msichana ukaiva kama pilipili. Hakujua afanye nini na ile glasi ya pili, akaishia kuinywa yeye mwenyewe.

Chumba kilikuwa kizuri kupita kiasi. Dari ya jiwe ilipakwa chokaa nyeupe, taa zilifichwa pembeni, na nyuma kabisa, mahali ambapo zamani mnyama angefungwa, pamewekwa beseni kubwa la kuogea lenye umbo la yai. Kitandani palikuwa na taulo mbili zilizokunjwa kama mabata wanaobusiana. Savino akawatenganisha, akaona ni ukatili, akawarudisha walivyokuwa. Halafu akaweka kiganja ukutani. Jiwe lilikuwa la baridi na lina unyevunyevu, kama paji la uso la mtu aliyetoka jasho la homa.

"Eufemia," akasema, "nimekuja."

Sauti ikapanda darini, ikazunguka, ikamrudia yeye mwenyewe. Akaona haya. Akaketi ukingoni mwa kitanda na viatu vyake miguuni, koti hakulivua.

Jioni alikula katikati ya watu wawiliwawili. Kila meza ilikuwa na mume na mke, au mchumba na mchumba, na kila mmoja alimpiga mwenzake picha. Akaletewa supu ya kunde, maharage na ngano kwenye bakuli dogo kama la kunyolea. Mhudumu akamweleza kuwa hicho kilikuwa chakula cha maskini wa zamani, kila familia ya uani ikitoa fungu lake, vyote vikipikwa katika chungu kimoja. Savino akasema asante. Eufemia alikuwa akiipika kila mwanzo wa mwezi wa nane, chungu kizima, kwa watu wawili, wakiila siku tatu, na hakuwahi kusema imetoka wapi.

Usiku haukumpa usingizi. Alimtafuta mkewe mle ndani kwa namna zote. Alizima taa apate lile giza, lakini giza la hoteli lilikuwa na kijitaa cha kijani cha kuonyesha mlango wa dharura. Palikuwa na mwamba na marashi. Eufemia hakuwamo.

Asubuhi alipanda hadi mtaa wetu wa Serra Venerdì akaingia kibandani kwangu. Kinyozi akimtafuta mtu huanza kwa kinyozi.

"Unamjua Nunziata yeyote aliyekulia Sassi?" akauliza nilipomaliza kumpaka povu.

"Nunziata tunao watatu," nikasema. "Mmoja hasikii, mmoja yuko kwa bintiye Milano, mmoja mbishi."

Akanisimulia habari ya punda na mlango.

"Huyo ni yule mbishi," nikamwambia. "Ghorofa ya pili, jengo la njano. Usimuunge mkono haraka, atakudharau."

Nunziata alikuwa kwenye roshani yake, anatunga pilipili tamu kwenye uzi zikaukie ukutani. Ni mjane siku nyingi, na watoto wake wana njia zao. Alipomwona mwanamume asiyemjua amesimama chini, hakungoja salamu.

"Kama unauza, sinunui! Kama unahubiri, nimeshabatizwa!"

"Mimi ni mume wa Eufemia," Savino akapaza sauti. "Binti Cosimo. Yule aliyekuwa na punda."

Sindano ikasimama. "Eufemia gani? Simjui."

"Amefariki, mama. Mwezi wa pili."

Nunziata akaketi. Kutoka chini Savino aliona tu nywele zake nyuma ya vyuma vya roshani, na ule uzi wa pilipili ukining'inia bila mtu wa kuushika. Mtoto mmoja alipita na baiskeli.

"Na sasa unataka nini kwangu?" sauti ikatoka kule juu. "Salamu za rambirambi? Mimi ndiye nikupe, au wewe ndiye unipe?"

"Sijui. Nimelala kwenye pango lao, kule hotelini. Nilifikiri ningemkuta."

"Pango lipi?"

"Lile lenye kisima mkono wa kushoto ukiingia uani."

"Kushoto?" Kichwa kikachomoza. "Kushoto! Wewe mwanamume, umelala kwa akina Paolicelli! Watu waliokuwa wanahesabu zeituni kabla ya kukukaribisha! Umetoka Altamura kote huko kuja kulala kwa wachoyo?"

"Basi lao ni lipi?"

"La kulia. Na sikuelekezi. Mimi nilitoka kule juu ya lori, nikaapa sitashuka kwa miguu."

Savino akashukuru, akageuka aende zake. Hajafika kona akasikia fimbo ikigonga lami. Nunziata amevaa koti na kilemba cha kanisani.

"Utapotea tena," akasema. "Tangulia, na usitembee kama unakimbizwa."

Walishuka polepole. Nunziata alikuwa analalamika njia nzima. Hapa palikuwa pa kumwaga ndoo za usiku, sasa wameweka viti watu wanywe divai. Pale alizaliwa mjomba wake, sasa pana duka la sabuni. Lakini walipofika ukingoni, ambapo mapaa na milango na ngazi zinaonekana zimerundikana mpaka chini kwenye korongo, alinyamaza akashika mkono wa Savino, na hakuuachia mpaka uani.

Mlango wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Ilaria akaja na funguo, ana wasiwasi. "Hapo hakuna kitu, mama. Ni stoo ya shuka tu."

"Kwako hakuna kitu, binti yangu. Fungua."

Ndani hapakupakwa chokaa. Kulikuwa na mashine mbili za kufulia zinazunguka, tangi la maji ya moto likinguruma, na mashuka meupe yamepangwa rafuni mpaka juu. Ukuta ulikuwa mweusi bado kwa moshi wa majiko ya zamani. Nunziata akasimama katikati, akaanza kuonyesha kwa fimbo.

"Kitanda cha baba na mama hapa. Kuku chini yake. Punda kule nyuma penye hiyo mashine. Na hapa palikuwa na kabati la nguo. Mkeo alilala ndani ya droo ya chini."

"Ndani ya droo?"

"Ungemlaza wapi? Alilala humo mpaka miguu ikatokeza nje. Tukamcheka. Akasema yeye ni shati la Jumapili, asikunjwe na mtu."

Savino akacheka, na kicheko kikamponyoka vibaya, kikawa kitu kingine. Nunziata hakumtazama. Aliendelea kuonyesha: ndoano ya taa, shimo la kuwekea chumvi, mahali ambapo wasichana wawili walipimana urefu kwa makaa, ingawa alama yenyewe haikuwapo tena. Kisha akachoka, akaketi juu ya furushi la taulo.

"Sasa nikwambie kwa nini nilisema simjui," akasema. "Nilipokuwa na miaka kumi na minane nilipanda treni kwenda Altamura kumtafuta. Nimevaa gauni la kuazima. Nikamkuta kwa fundi wa nguo, amekaa na wasichana wenzake. Nikamwita, 'Fema!' Wakageuka wote. Mmoja akauliza, 'Nani huyo, mmoja wa wale wa mapangoni?' Mkeo akanitazama usoni hivi, akasema, 'Simjui.' Akarudi kwenye cherehani."

Savino hakuwahi kuisikia hiyo. Alijua Eufemia alidhihakiwa shuleni, na alidhani ilimalizikia hapo.

"Nilirudi na treni ileile," Nunziata akasema. "Nikamzika. Kwangu mimi alikufa siku hiyo, kwa hiyo usinililie habari za mwezi wa pili."

Mashine moja ikamaliza, ikalia mlio wake. Savino akangoja unyamaze, ndipo akamwambia. Jinsi Eufemia siku za mwisho alivyokuwa hamtambui Donato, wala padre, wala wakati mwingine yeye mwenyewe mumewe, na jina pekee alilokuwa analiita lilikuwa Nunziata. Nunziata, funga mlango, punda anatoka.

"Ungeweza kuitunga hiyo," akasema Nunziata.

"Ningeanzia wapi kutunga punda?"

Bibi akaangalia mlango, ule wa chuma na kufuli, kana kwamba anaona mwingine nyuma yake. "Ulikuwa wa mbao za mwaloni. Tuliusukuma wawili, mimi na yeye. Peke yake hakuuweza." Akafuta pua kwa ncha ya kilemba. "Na wewe ulikuwa unaufunga?"

"Kila alipoita."

"Vizuri, shemeji."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Kisha zamu ikageuka, akaanza kuuliza yeye. Alinenepa? Aliimba kanisani? Mkono wake wa supu ulikuwaje, alitia jani la kunukia au hakutia? Nywele, zilikuwa nyeupe zote?

"Zote. Miaka yote hakukubali nimguse na mkasi, alisema vinyozi ni wa wanaume. Mwaka wa mwisho ndipo akanipa kichwa chake nikakikata. Zilikuwa laini kama za mtoto."

"Zilikuwa nyeusi tititi," Nunziata akasema. "Nilikuwa nazisuka mimi."

Wakakaa vile mpaka Ilaria alipokuja kuchukua mashuka ya vyumba vya juu. Mmoja alikuwa na Eufemia wa miaka kumi, mwingine Eufemia wa miaka hamsini na zaidi ya ndoa, na hapakuwa na mtu wa tatu duniani wa kumuuliza yaliyobaki.

Jioni Savino alimsindikiza hadi jengo la njano. Nunziata hakumkaribisha ndani. Alisema nyumba haijafagiliwa. Savino akarudi hotelini, na usiku ule wa pili alilala, kwa akina Paolicelli, bila kuota kitu.

Alirudi Matera mara mbili baada ya hapo. Mara ya kwanza alimletea mkate wa Altamura, Nunziata akausema vibaya na kuula wote, na walizungumza mchana kutwa. Mara ya pili ilikuwa mwezi wa kumi na moja, kuna baridi. Nunziata alimsimulia habari ya droo, naye alimsimulia habari ya nywele, kama vile hawajawahi kuambiana. Zilipokwisha, wakajaribu mengine: magoti, watoto, bei ya mafuta ya zeituni. Hayakwenda mbali. Nunziata alisisitiza kumfikisha stesheni, wakaketi benchini bega kwa bega, mikono mifukoni, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi ya kuanza.

Niliwaona hapo nilipokuwa natoka kununua sigara. Nikawasalimu, wakaniitikia kwa pamoja, kwa haraka, kama watu waliofurahi kupata shughuli. Kisha nikapita, wakabaki wawili tena.

Nunziata akatazama kule reli inakotokea.

"Treni yako hiyo, shemeji," akasema, ingawa hapakuwa na kitu bado.

Savino akainuka, akavuta kofia, akasogea ukingoni kuingojea.