Iteka, Ukingoni mwa Ruvubu

Vumbi liliinuka kabla ya jua. Liliinuka jekundu kutoka kambi ya zamani ya jeshi, likashuka juu ya migomba ya Kasulo, likatua kwenye kope zangu na za wifi yangu Tecla, tukiteremka kuelekea mto Ruvubu. Nilikuwa nakuja kukuchukua, Iteka. Mwanangu, nilikuwa nakuja.

Hukuijua kambi ile. Ulizaliwa humo, ukafia humo, kabla hujajifunza kukaa. Baba yako Pancras alikuwa askari, nami mke wa askari, tukiishi kota za bati upande wa juu, tukilala na sauti ya mto, tukiamka na sauti ya gwaride. Homa ilikuchukua wakati wa masika. Baba yako alikuchimbia kaburi mwenyewe, nyuma ya kota. Alichimba akilia, mvua ikimficha machozi.

Kisha kambi ikahamishwa. Askari wakaenda, sisi tukarudi kwetu Bukiriro, nyasi zikabaki zinalinda lango. Kila Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu, tulikuja kukupalilia. Tulikuimbia. Baba yako alipiga saluti, halafu akageuka upesi nisimwone uso.

Mwaka huu mapafu yalimshinda.

"Koleta," aliniambia, "nikienda, kamlete mtoto alale nami. Asibaki kule peke yake."

"Nitamleta," nikasema. Nilisema nimemshika mkono, na mkono ule ukapoa ndani ya wangu.

Kumbe nilipokuwa namuuguza, huku Kasulo ilitangazwa kanisani: kambi inageuzwa mtaa mpya, wenye makaburi wahamishe watu wao. Waliosikia walihamisha. Mimi nilikuwa Bukiriro, namnywesha baba yako uji. Nani angenifikishia habari? Kila mtu alijua nina mgonjwa. Labda walinionea huruma. Huruma ile, mwanangu, imeniua.

Tulifika na sanduku dogo lililochongwa na fundi Anastazi, shuka jeupe limekunjwa ndani. Kota hazikuwepo. Palikuwa na nguzo za maghorofa na fremu za maduka. Palikuwa na soko linaloezekwa, na penye uwanja wa gwaride pameinuka hoteli, madirisha yake yote yakitazama maji. Pazuri, Iteka. Nisikudanganye, palikuwa pazuri.

Msimamizi wa ujenzi, Derick, alitufuata.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimemfuata mwanangu."

Aliliangalia sanduku. Akavua kofia yake ngumu, akaishika kifuani.

"Alilala upande gani?"

Nikanyoosha mkono. Mkono wangu ulikuwa unapajua hata macho yakifumbwa. Uliponyooka, ulionyesha shimo, shimo kubwa la msingi, na vyuma vimesimama ndani yake kama mahindi yaliyokauka.

"Mama," alisema polepole, "udongo wa pale tulishausomba."

"Mkaupeleka wapi?"

"Tulijazia ukingo wa mto. Kule watu watakakopumzikia."

"Na hamkuona kitu?"

"Ni katapila, mama. Katapila haliangalii..." Akainama.

Sikupiga yowe. Nilikaa juu ya kokoto, nikalipakata lile sanduku, nalo likawa jepesi kuliko ulivyokuwa siku uliyozaliwa. Mwanangu, nilikuwa nimekuja. Nilikuwa nimechelewa.

Tecla alinigusa bega. "Wifi, tuchote udongo kidogo pale ukingoni, tuuweke humu. Kaka yangu apate chochote."

"Udongo upi, Tecla? Utajuaje upi ni Iteka?"

Tukarudi Bukiriro. Kando ya baba yako palikuwa pamechimbwa pako, padogo, panakungoja. Nililiweka sanduku tupu na shuka lake, nikafukia kwa mikono yangu. Nikamwambia: Pancras, sikumleta. Nikarudia, kwa kuwa hakujibu. Pancras, sikumleta.

Mtaa ulipofunguliwa, nilikwenda. Tecla hakutaka niende peke yangu, akafuatana nami. Muziki ulikuwa unapigwa mbele ya maduka, wali na samaki vinanukia, watoto wanakimbizana na maputo ya rangi. Ukingo wote ulikuwa umepandwa nyasi, na njia ya kutembelea ikiufuata mto mpaka unapopinda. Wapenzi walikuwa wanapiga picha. Mtoto mmoja alijikwaa, akaanguka kifudifudi juu ya nyasi, akacheka. Nami nikashindwa kujua kama nataka ainuke au abaki hapo, akukumbatie kwa niaba yangu.

Nilisimama penye mwanzo wa njia. Nikainama, nikavua viatu.

"Wifi," Tecla akashtuka, "kulikoni?"

"Sijui yuko wapi," nikamwambia. "Nitampitaje na viatu?"

Tecla naye akavua vyake, akanishika mkono, tukaenda kwa nyayo tupu, taratibu, juu ya urefu wote wa ukingo.