Kigingi cha Upande Mmoja

Ignas hakukalika. Alichuchumaa, akasimama, akachuchumaa tena. Mbele yake nguzo mbili za mawe zilisimama kama watu waliokosana, moja huku juu, nyingine ng'ambo ya korongo, na hazikuelekeana. Zilipishana hatua ishirini nzima; vichaka vilivyozificha vilikuwa vimefyekwa asubuhi ile. Daraja gani litapita hapo, la nyoka?

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Azimio. Mji ulikuwa umechoka kugawanywa na korongo lile. Juu walikaa Waha walioteremka na maharage kutoka Kalinzi, chini Wamanyema wenye mitumbwi. Mvua ikipiga, korongo linajaa, na wiki nzima hakuna wa kumzika mwenzake. Ndipo akaletwa Bwana Oswald, mchora ramani mwenye soksi ndefu. Akapigilia vigingi viwili, akasema kila upande ujenge nguzo yake kwa kujitolea, mbao zitakuja na treni.

Ignas, aliyeacha shule darasa la tano, ndiye aliyemshikia mnyororo wa kupimia. Na ndiye aliyehamisha kigingi cha juu.

Kigingi kile kilikaa kwenye mteremko mbaya. Mama mwenye kapu kichwani lazima apumzike kabla ya kuvuka. Akitua pale, kapu linabingirika, na mtu wa kumtwika tena hana pa kusimama. Hatua ishirini pembeni kuna jiwe bapa, wanawake wanatulia mizigo hapo tangu zama za bibi zao. Ignas alimwambia Oswald. Oswald akajibu, "Kazi yako mnyororo." Basi Oswald alipokwenda kula, Ignas akaking'oa kigingi, akakipigilia penye jiwe. Akasahau kwamba daraja lina ncha mbili.

"Hawa wamejenga karibu na msikiti wao makusudi," alisema Selestini, balozi wa nyumba kumi wa upande wa juu.

"Sisi tumefuata kigingi," Assani, fundi mwashi, akajibu toka ng'ambo. "Nyie mlifuata mtungi wa pombe."

"Haya. Kesho hatuji. Anayetaka kuvuka aogelee."

Watu wa juu wakaanza kuokota makarai yao. Ignas akaona wiki tatu za mawe zinakwenda bure, na korongo linabaki vile vile, pengine baya zaidi. Akisema, kazi hana. Mama yake, Veneranda, alikuwa amesimama pale pale na kapu lake, anamtazama.

"Kigingi nilihamisha mimi," akasema. "Cha huku. Wale hawana kosa."

Selestini akasonya. "Mjinga wewe. Kwa nini?"

"Kwa sababu ya jiwe."

Assani aliteremka korongoni, akapanda upande wa pili akihema. "Shikamoo, mama. Hebu tua." Veneranda alimjibu, akatua kapu juu ya jiwe. "Nitwike mimi," Assani akasema. Wenzake kule wakaangua kicheko: fundi kawa mchuuzi. Akatwikwa, akaenda hadi kwenye mteremko wa kigingi cha kwanza, akajaribu kutua. Kapu likamponyoka, maharage yakatawanyika mpaka chini.

Akayatazama. Halafu akawapigia kelele watu wake, "Nguzo ya kwao imekaa pazuri. Yetu ndiyo ya kuvunjwa."

"Wiki tatu, Assani!"

"Najua. Mawe yale sikuyabeba kwa mdomo."

"Ramani imeshapitishwa," akasema Oswald, aliyekuwa amesimama nyuma ya watu wa juu.

"Ramani yako haijawahi kubeba maharage, bwana."

Oswald akamgeukia Ignas. "Wewe usirudi kazini."

"Ana kazi," Assani akasema. "Ataivunja nguzo yetu peke yake, ataihamisha jiwe kwa jiwe. Sisi tutakaa kivulini tumhesabie. Umesikia, mtoto wa mlimani?"

"Nimesikia, fundi."

"Okota kwanza maharage ya mama yako."

Ignas aliokota mpaka goti likachubuka, kisha akavuka. Wamanyema walimpisha bila kumsalimu. Mmoja akamtupia nyundo miguuni. Akaiinua, akapiga jiwe la juu, halikutikisika.

"Mmejenga gereza nyie?" akafoka. "Saruji yote hii ya nini?"

Hapo ndipo mmoja wao alipocheka.