Makaroni ya Malimi na Ugali wa Akiba

Mimi ni Luhende, mwana wa Machibya, mzee wa kanisa aliyeaminiwa funguo hadi alipofariki. Machibya alizaliwa na Ngosha, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, ambaye watu walivuka ghuba kutoka Sengerema ili awaamulie mashauri. Katika ukoo huo hakuna mwanamume aliyewahi kusimama jikoni. Kwa hiyo mjukuu wangu Malimi alipomaliza kidato cha sita na kuniomba ruhusa ya kwenda chuo cha mapishi, sikumkubalia papo hapo.

Kisha nikamwambia: "Jumapili utampikia mzee Ndalahwa chakula kisicho ugali. Akiondoka bila kuudai, utakwenda. Akiudai, utasomea uhasibu."

Ndalahwa ni rika langu, na mtaa wetu wote wa Mabatini unajua msimamo wake: asiyekula ugali amelala njaa. Jumapili ilipofika, mke wangu, Selina, alisonga ugali wa akiba, akaufunika.

Siku hiyo Malimi alichemsha makaroni, akakaanga nyama ya kusaga kwa nyanya na vitunguu, akapika rojo zito la maziwa na unga wa ngano. Akavipanga tabaka kwa tabaka katika trei, akanyunyizia jibini juu, akaingiza trei katika jiko la umeme. Hapo hapo umeme ukakatika.

Ndalahwa, aliyekwisha kuketi barazani, alicheka. "Luhende, hivi vibomba tutavila vibichi, au tumpelekee fundi baiskeli?"

"Babu, subira haijaua mtu," Malimi alisema.

"Njaa ndiyo imeua wengi."

Kijana hakubishana. Aliwasha mkaa uani, akatandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, kama bibi yake aokavyo keki za Krismasi, akaweka trei humo, akafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Lakini upepo wa ziwani ukainuka. Majivu yakaruka, makaa ya upande mmoja yakaanza kufifia. Malimi alikinga huku, upepo ukapita kule.

Nikainuka, nikachukua kipande cha bati, nikachuchumaa nikazuia upepo.

"Luhende! Mwana wa Machibya umeingia jikoni?"

"Hapa ni uani," nilimjibu. "Jiko lina paa."

Chakula kilipofunuliwa, uso wake ulikuwa na rangi ya kahawia, na kingo zake zilikuwa bado zinatokota. Ndalahwa alikula akamaliza. Akaongezwa. Akakwangua ukoko wa pembeni kwa kijiko, kisha akanyanyua kichwa.

"Shemeji Selina, ule ugali uko wapi?"

Malimi aliinamisha uso. Selina akauleta. Ndalahwa akafunua, akautazama, akafunika tena.

"Uhifadhi vizuri. Kesho asubuhi nitakuja kuunywea chai. Leo hauna pa kuingia."

Akaaga, akaenda zake akishikilia tumbo. Ugali aliuulizia, hakuudai; nami neno langu halina mlango wa nyuma: Jumatatu nilivaa koti, nikampeleka Malimi chuoni mimi mwenyewe.

Basi ninyi wajukuu mliobaki, sikilizeni. Mkitaka kuvuka desturi ya wazee wenu, msije na mabishano. Njooni na kazi iliyoiva. Na upepo ukiwakuta njiani, msiyaache makaa. Nimesema, na nataka mzingatie.